Chozi amejenga kwenye waya wa taa ya barazani (Arusha), tuliokwama nyumbani tukutane hapa

Dereva wa Vumbi – 18/4/2020
Wakuu habari za mvua. Mimi ni dereva-gaidi hapa Arusha (gaidi wa watalii jamani, sio yule mwingine), nakaa Moshono. Kila mwaka mwezi wa nne na wa tano sisi watu wa safari tunakuwa home, kambi nyingi porini zinafungwa, barabara matope matupu, kwa hiyo kukaa nyumbani masika kwangu sio kitu kigeni. Unapeleka gari gereji, unalala, unasubiri mwezi wa sita simu ianze kuita. Mwaka huu simu imeita kweli ila zote za kufuta. Wafaransa wa mwezi wa sita wamefuta, familia ya Waholanzi ya mwezi wa saba wamesogeza mpaka mwakani, na ofisini tumeitwa tukaambiwa kila mtu akapumzike bila mshahara mpaka itakapoeleweka. Watoto nao shule zimefungwa toka tarehe 17 mwezi wa tatu, siku moja baada ya kutangazwa yule mgonjwa wa kwanza wa corona aliyeshukia hapo uwanja wa ndege wa KIA. Kwa hiyo tupo watu sita ndani, mimi, waifu, watoto watatu na mama mkwe aliyekuja kutoka Rombo kabla mambo hayajaanza na sasa anaogopa kupanda basi.

Sasa shida yangu. Barazani kuna taa, fundi aliacha waya unaning'inia kama shubiri mbili hivi halafu ndo holda na balbu. Toka juzi kuna kandege kanakuja kanashonea kiota kwenye huo waya, juu ya balbu kabisa. Nimekaa na chai nikamwangalia, ni chozi, yule kifua chekundu. Dume ndo lina makoti, jeusi tii, kifua chekundu, paji la uso linang'aa kijani, lakini kazi halifanyi, linakaa juu ya mgrivelia linapiga kelele. Jike ndo linajenga, la kahawia tu kama limevaa nguo za shamba. Anachukua utando wa buibui kwenye kona za dari anazungushia, anaenda analeta jani kavu, anarudi na utando. Mpaka saivi kuna majani, manyoya ya kuku wetu, uzi mwekundu wa shuka la Kimasai na kipande cha vocha ya buku.

Waifu anasema kitolewe kabla hajataga, maana taa haiwezi kuwashwa na hali hii ya njaa vibaka wataongezeka. Nifanyeje? Kuna mtu anajua wanachukua muda gani mpaka waondoke?

Chalii wa Ngarenaro – 18/4/2020
Ase mi nimesoma kichwa cha uzi "chozi kwenye waya" nikajua waifu wako amelia mpaka umepata shoti 😂😂

Binti Machare – 18/4/2020
Kaka usikitoe tafadhali. Chozi mmoja alijenga kwenye kamba yangu ya kuanikia hapa Moshi mwaka juzi nikawa naanika kwenye ukuta kama mwezi na nusu hivi mpaka wakaondoka. Mayai anataga mawili tu. Taa si unazo zile za kambini za kuchaji na jua? Weka hiyo dirishani.

Dereva wa Vumbi – 18/4/2020
Binti Machare asante. Taa za sola ninazo mbili kweli, hata sikufikiria, akili imeganda ujue. Mwezi na nusu lakini! Haya ngoja nikapeleke hoja kwa waziri wa mambo ya ndani.

Mtu wa Hesabu – 18/4/2020
Yani leo siku ya pili ya zile siku tatu za maombi alizotangaza rais, watu tunaombea nchi, sukari inapanda kila ukienda dukani, limau moja limekuwa na bei ya chungwa tatu, na wewe unafungua uzi wa kandege. Watu mna maisha.

Dereva wa Vumbi – 18/4/2020
Mkuu sina maisha ndo maana naangalia kandege. Wiki iliyopita nimeuza friji la gari, lile la kuwekea soda za wageni, nimelitoa nusu ya bei. Ada ya mkubwa ipo pale pale. Nikianza kuandika hayo sitalala, acha niandike haya.

Mzee Kihamba – 19/4/2020
Kijana wangu wa Moshono nakusalimu, na wengine wote humu. Mimi nipo huku juu Kibosho, umri umeenda, simu nimefundishwa na mjukuu ambaye naye yupo hapa kwa ajili ya hilo gonjwa. Mwaka huu kihamba, yaani shamba la nyumbani, kimejaa kama Desemba. Wametoka Dar, wametoka Dodoma, wameambiwa na wazazi wao wakae kwa babu mpaka shule zifunguliwe. Getini nimeweka ndoo yenye koki na sabuni, hata mtoto wangu wa kumzaa ananawa ndipo anisalimie, na kwa mbali.

Hao ndege huku tunao wengi sababu ya migomba. Mwangalie asubuhi, akitoka kwenye kiota anakwenda moja kwa moja kwenye ua la mgomba, lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, anaingiza mdomo anafyonza. Wajukuu hawa walikuwa hawajui kama ndizi ina ua! Mmoja yupo darasa la sita, ananiuliza babu hiki kitu cha zambarau ni ugonjwa? Nimecheka mpaka bibi yao akatoka jikoni. Kwa hiyo sasa kila asubuhi baada ya uji tunatembea, nawaonyesha huu mti wa kivuli, chini yake mgomba, chini ya mgomba kahawa, chini kabisa magimbi na maharage, na mfongo, mfereji wetu wa maji, unavyopita. Shule ya redio wanasikiliza saa nne.

Usimfukuze huyo ndege. Ila angalia siafu, masika hii wanatembea sana.

Chalii wa Ngarenaro – 19/4/2020
Shikamoo mzee. Huku kwetu Ngarenaro "nature" ni kunguru na bata wa jirani tu, lakini naendelea kusoma, naweka kiti.

Jirani wa Bremen – 20/4/2020
Hamjambo, mimi mtoto wa Sakina hapo Arusha ila nipo Ujerumani mwaka wa nane. Uzi huu umenikuta vizuri. Huku toka tarehe 22 mwezi wa tatu hamruhusiwi kukutana zaidi ya watu wawili nje kama hamkai nyumba moja. Na usicheze na hali ya hewa jamani, springi ya mwaka huu ni jua tupu, kila mti unachanua, na wewe upo dirishani. Nina kibaraza ghorofa ya tatu, upana wa kitanda, nimepanda mchicha wa mbegu nilizotoka nazo Tengeru, umeota mpaka jirani bibi wa Kijerumani ameniuliza kwa kupiga kelele kutoka kwake kama ni bangi 😅

Nilichotaka kusema, wiki hii mbayuwayu wameingia huku. Wale wenye mkia wa mkasi, shingo nyekundu. Nimewaona kwenye mto, nikajisemea nyie mmetokea kwetu.

Dereva wa Vumbi – 20/4/2020
Dada umenigusa sehemu. Mwezi wa tatu mwishoni walikuwa wamejaa kwenye nyaya za umeme kule barabara ya Njiro, wamejipanga kama shanga, mimi huwa nawaonyesha wageni, nawaambia hawa wanajiandaa kwenda kwenu. Mwezi wa nne ukiingia unaangalia nyaya tupu. Keremkerem nao wamepita juu ya nyumba wiki hiyo hiyo, unawasikia kabla hujawaona, sauti kama filimbi iliyoingia maji. Mwaka huu wao wameondoka, wageni hawajaja, na ndege za abiria kutoka nje zimesimamishwa kuanzia Pasaka. Anga la KIA unalisikia kimya. Kumbe hata hatukuwa tunajua kuna kelele.

Dereva wa Vumbi – 27/4/2020
Mrejesho. KAMETAGA. Nilipanda kwenye stuli alipotoka nikaweka simu mlangoni pa kiota nikapiga picha bila kugusa kitu. Mayai mawili, madogo kama maharage ya soya yaliyovimba, ya kijivujivu yana madoadoa. Mlango wa kiota upo ubavuni na juu yake ameweka kijipaa kidogo kimetokeza, mvua ikipiga ya upepo haiingii. Mimi nimelipa fundi laki mbili na nusu na baraza langu linavuja.

Mwanangu wa kati (darasa la nne) amefungua daftari, ameandika "Chozi" juu kwa wino mwekundu, anaandika mama ametoka saa ngapi amerudi saa ngapi. Ukweli hajawahi kuandika kitu bila kuchapwa kelele. Vipindi vya TV anasinzia, hiki hasinzii. Na amepiga marufuku kufagia utando wa buibui barazani. Waifu kanyamaza, ila anavyonyamaza mnajua wenyewe.

Binti Machare – 27/4/2020
Mwambie waifu buibui ndo chakula pia. Vifaranga vya chozi havilishwi asali ya maua peke yake, mama anawaletea wadudu na buibui. Kwa hiyo dari chafu ni stoo.

Mimi huku Rau nimepigwa na kantangaze, yule mdudu wa nyanya. Miche yangu 60 ya nyanya, majani yamechorwa mistari myeupe kama mtu amepitisha kalamu halafu yanakauka. Mahindi nayo yana viwavijeshi vamizi. Nani ana dawa isiyo ya duka, sina hela ya dawa, saluni yangu haina wateja hata mmoja toka wiki mbili, nani anataka kushikwa kichwa saivi?

Mzee Kihamba – 28/4/2020
Mwanangu wa Rau, kwa mahindi chukua majivu uchanganye na mchanga laini, utie kidogo kidogo kwenye koo la mhindi, pale majani yanapochipukia. Funza yuko humo ndani. Fanya asubuhi, na urudie mvua ikiosha. Kwa mche mmoja mmoja inachosha, lakini wewe una shamba la kuzunguka nyumba tu na una muda. Ukimuona kwa macho mponde. Nyanya kwa huyo kantangaze pole sana, ng'oa yaliyoharibika uchome, usiyatupe pembeni. Na mwakani panda mboga ya mnafu, huo hauna makuu.

Mtu wa Hesabu – 28/4/2020
Hii ya majivu nimeifuata. Nina nusu ekari Kwa Mrombo. (Sijasema nimerudi kwenye uzi, nimepita tu.)

Chalii wa Ngarenaro – 28/4/2020
😂😂 karibu kiti mkuu

Dereva wa Vumbi – 3/5/2020
Wakuu nisaidieni kwa busara, hili ni la kifamilia.

Mama mkwe anajifukiza. Mara mbili kwa siku. Majani ya mkaratusi, mchaichai, majani ya mpera, limau, tangawizi, sufuria kubwa la sherehe linachemka, anakaa nalo chini ya blanketi na wajukuu wakikatiza anawavuta nao. Sina tatizo na nyungu, kila nyumba mtaani kwetu inanuka mkaratusi. Tatizo ni anafanyia BARAZANI, chini ya kiota, maana ndani anasema mvuke unaharibu dari. Jana chozi ametoka kwa kasi, amekaa kwenye waya wa nguo dakika 25 hajarudi (zipo kwenye daftari). Mayai yakipoa si ndo basi?

Na mimi siwezi kumwambia mama mkwe ahamishe nyungu yake kwa ajili ya ndege. Mnaelewa. Hata kumpita akiwa na lile blanketi nazunguka nyuma ya nyumba.

Jirani wa Bremen – 3/5/2020
Ndege ametibiwa bure halafu unalalamika.

Mzee Kihamba – 3/5/2020
Usimwambie wewe. Wala mkeo asimwambie, atasema umemtuma. Mwambie yule mtoto wa daftari amsomee bibi yake alichoandika. Bibi hamkatalii mjukuu.

Dereva wa Vumbi – 4/5/2020
Mzee wewe ni noma. Dogo ameenda na daftari akamsomea bibi mstari kwa mstari, "saa 4 na dakika 10 bibi ameweka sufuria, saa 4 na dakika 12 mama chozi ameondoka". Bibi akamuuliza kwani hapo umeniandika na mimi? Akaambiwa ndio, kila siku. Leo asubuhi sufuria lipo kwenye banda la kuku. Kuku ndo wamehama.

Dereva wa Vumbi – 12/5/2020
Wametotoa wote wawili. Hawana manyoya, rangi ya dagaa mbichi, macho yamefumba, mdomo tu. Mama anazunguka kutwa nzima, leo dogo amehesabu safari 41 kabla ya chakula cha mchana halafu akachoka. Dume limeanza kuleta chakula nalo, mara moja moja, kama mtu anayetuma hela nyumbani.

Binti Machare – 12/5/2020
Hiyo ya dume 😂 namjua mmoja hivyo hivyo, yupo Dar.

Dereva wa Vumbi – 19/5/2020, saa 7 usiku
Siwezi kulala nikaona nije niandike huku.

Saa tatu usiku mama mkwe alitoka kwenda choo cha nje, akarudi anapiga kelele SIAFU. Nikatoka na tochi. Mstari mweusi unene wa mkono umetoka kwenye ua wa michongoma, umekata uwani, umepita banda la kuku (kuku wanalia, waifu akaenda kufungua wakatawanyika gizani) na kichwa cha mstari kilikuwa kinapanda ukuta wa baraza. Mnajua siafu hawana siasa. Wakifika kwenye waya, vile vifaranga ni dakika.

Waifu, huyu huyu wa kutaka kiota kitolewe, amezoa majivu ya jikoni kwa beseni akamwaga chini ya ukuta wote, miguu imejaa siafu anajing'ata midomo. Mimi nimekimbilia kwenye boksi la vifaa vya Land Cruiser nikachukua kopo la grisi, nimepanda stuli, nikapaka dari kuzunguka pale waya unapotokea, duara nene, mkono unatetemeka nisiguse kiota. Siafu kama kumi walishafika darini, nimewatoa kwa vidole, wameniuma mpaka kichwa kimebaki kwenye nyama. Mama mkwe chini anashika stuli na kuelekeza, "kushoto baba, kushoto kuna mwingine".

Mama chozi alikuwa ndani muda wote. Nimeona ncha ya mdomo imetokeza mlangoni, haikutikisika. Wamegeuka kwenye majivu kama saa nne na nusu, wakaelekea kwa jirani. Nimempigia jirani. Kuku wawili hatujawapata bado.

Mtu wa Hesabu – 19/5/2020
Nimesoma hii mara mbili. Vifaranga vipo?

Dereva wa Vumbi – 19/5/2020
Vipo mkuu. Asubuhi saa 12 na robo mama ametoka akarudi na buibui. Kuku mmoja kapatikana juu ya mparachichi.

Mzee Kihamba – 19/5/2020
Umefanya vema. Hiyo grisi sikuijua, sisi tunatumia majivu na mafuta ya taa chini. Nimewasomea wajukuu kwa sauti, wameomba nirudie pale pa bibi.

Dereva wa Vumbi – 25/5/2020
Kimebaki kimoja. Sijui imekuwaje, jana Idi tulikuwa kwa jirani kula pilau, tumerudi dogo akapanda akahesabu, kimoja. Chini hakuna kitu, damu hakuna. Kunguru wapo sana siku hizi. Dogo ameandika "kimoja" akafunga daftari, leo hajaandika.

Nimeona ndege zimeruhusiwa kuingia tena toka wiki iliyopita, watu wananipongeza mtaani kama vile mgeni ameshashuka. Ofisi haijapiga.

Jirani wa Bremen – 25/5/2020
Pole dogo. Mwambie shangazi wa Bremen anasubiri habari za huyo mmoja, asiache.

Dereva wa Vumbi – 29/5/2020
Ameruka. Saa 2 na dakika 40 asubuhi, imeandikwa. Alitoa kichwa, akarudi, akatoa, akarudi, mama yupo kwenye waya wa nguo anamuita, halafu ametoka kama mtu aliyesukumwa, ameangukia kwenye maua ya mshubiri, amekaa hapo akiwa ameshikilia kwa nguvu kama dakika tano. Ndipo akafika kwenye mgomba. Mkia bado hana, ni kidole tu cha manyoya.

Chalii wa Ngarenaro – 29/5/2020
Twende kazi dogo langu!! Leo nanunua soda kwa niaba yake

Binti Machare – 11/6/2020
Mahindi yangu yamesimama, majivu yamefanya kazi. Nyanya nimevuna ndoo moja ndogo tu. Mnafu ndo umenilisha.

Mtu wa Hesabu – 29/6/2020
Leo shule zimefunguliwa zote, nimepeleka wawili na barakoa zao. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Mleta uzi mpo?

Dereva wa Vumbi – 29/6/2020
Tupo. Dogo ameenda na daftari kumwonyesha mwalimu. Mama mkwe amerudi Rombo jumamosi, amebeba mche wa mshubiri. Mimi bado nipo nyumbani, nauza mchicha na mayai, ofisini wanasema labda mwezi wa nane.

Mtu wa Hesabu – 29/6/2020
Na taa ya barazani mmeshawasha?

Dereva wa Vumbi – 29/6/2020
Bado. Juzi nilitaka kutoa kiota nifunge balbu mpya, waifu akasema subiri kwanza, jike amekuja jana yake na utando mdomoni.